Maji ya Kijani, Jik na Vidonge vya Mafua

Swali: Sisi ni wavuvi. Kuna asubuhi maji ya ufukweni huwa ya kijani, mazito kama rangi iliyomwagika. Tunayachemsha. Yanafaa kunywa?
Msomaji, Katosi

Jibu: Hayafai, na hapa moto unaweza kuongeza ubaya. Wengi huita hali hiyo mwani, lakini ni bakteria: sianobakteria, wanaojitengenezea chakula kwa jua kama mimea. Baadhi yao hubeba sumu iitwayo mikrosistini, inayoharibu ini. Kuchemsha kunawaua wao, ila sumu haivunjiki kwa joto la sufuria. Wanapopasuka ndipo inapomwagika, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo inavyokolea. Jik, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, nayo huwapasua vilevile. Kitambaa huzuia ule ute tu. Sumu iliyokwisha kuyeyuka inapita.

Siku hizo chota kwenye kisima cha pampu, bombani au kwenye tangi la mvua. Ng'ombe na mbuzi nao wasinyweshwe hapo, na watoto wasiogelee. Samaki analika, ila mtoe matumbo na ini, ambamo sumu hujikusanya, kisha mwoshe kwa maji safi.

Bakteria hawa hunenepeshwa na nitrojeni na fosforasi za maji taka na mbolea. Ghuba ya Murchison ya Ziwa Viktoria, kwa mfano, hupokea uchafu wa Kampala kupitia mfereji wa Nakivubo. Mafunjo ya kinamasi hunyonya sehemu yake, lakini watu wanayafyeka wapande magimbi; ukiniuliza, hasara hiyo ni kubwa kuliko mavuno. Upepo ukitulia na jua likiwaka siku kadhaa, bakteria huelea juu na kurundikana ufukweni.

Swali: Jerikeni ya lita 20 niitie Jik kiasi gani? Jirani yangu humimina kifuniko kizima.
Msomaji, Kasese

Jibu: Vifuniko havilingani. Nunua sirinji duka la dawa, utupe sindano. Kwa Jik ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, tia mililita 1 kama maji ni maangavu. Yakiwa na ukungu, yachuje kwa kitambaa kisha tia mililita 2, maana tope hula klorini kabla haijawafikia bakteria wa kipindupindu. Tikisa, funika, subiri dakika 30. Yanapaswa kunusa klorini kwa mbali. Yasiponusa, rudia kipimo kilekile na usubiri dakika 15 nyingine. Jik iliyokaa juani hupoteza nguvu. Kriptosporidiamu, kimelea cha kuharisha, hakifi kwa klorini hii, kwa hiyo maji ya mtoto mchanga au mwenye kinga dhaifu yachemshwe mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1.

Swali: Mwanangu wa miaka miwili ana mafua. Nimpe amoksilini iliyobaki?
Msomaji, Arua

Jibu: Usimpe. Amoksilini huvunja ukuta wa bakteria, na virusi vya mafua havina ukuta huo. Itakaowakuta ni bakteria wa tumboni, na watakaosalia ni wale sugu. Mpe maji na chakula, umsafishe pua. Akiwa ametulia, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima: zikifika 40, au kifua kikibonyea ndani anapovuta hewa, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo, kwani huenda ni nimonia.