Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Tamthilia za Kikorea Huishiwa Pumzi Njiani?

Mhariri, salamu. Hakuna wanaojua kuanza tamthilia kama Wakorea, na hakuna wanaoharibu mwisho kama wao. Sehemu nne za kwanza hulali. Ukifika ya 13, stelingi anamwacha mpenzi wake eti "kwa faida yake", anapanda ndege, mwaka unapita, wanakutana njiani, basi. Ni uvivu wa waandishi? (Msomaji, Morogoro)

Uvivu upo, lakini si kwa waandishi peke yao. Anza na hesabu. Tamthilia ya kawaida ya Korea Kusini ina sehemu 16, kila moja dakika 60 hadi 70, na hurushwa sehemu mbili kwa wiki, usiku wa siku mbili zinazofuatana. Hizo ni saa 16 na ushee. Mapenzi ya watu wawili, hata uyapike kwa moto mdogo namna gani, yanaiva kwenye saa ya 10 au ya 12. Zinabaki saa nne za kujaza, na kikwazo rahisi kuliko vyote ni huko kuachana kwa wema: hakihitaji mhusika mpya, hakihitaji hata eneo jipya la kupigia picha.

Juu ya hayo kuna namna ya kazi yenyewe. Kwa miaka mingi vituo vikubwa, yaani KBS, MBC na SBS, vilianza kurusha tamthilia vikiwa na sehemu chache tu mkononi. Zilizobaki ziliandikwa na kupigwa huku watu wanaangalia. Takwimu za watazamaji wa jana usiku zilitoka asubuhi, na hadithi ikapindishwa kufuata takwimu. Mwishoni mwandishi alikuwa akituma kurasa mbili tatu kwa wakati, na Wakorea wana neno lake, *jjokdaebon*, mswada wa vipande. Mwigizaji aliyekuwa na wiki kadhaa za kuisoma sehemu ya kwanza anaipata ya 15 ikiwa bado ya moto, anakariri, anasimama mbele ya kamera. Unachokiona hapo ni uchovu, na uchovu hauigizwi.

Dalili yake ni rahisi kuiona: hesabu kumbukumbu. Sehemu moja ikikurudishia mara tatu tukio uliloliona kwenye sehemu ya 2, picha mpya hazikutosha kujaza dakika zao. Na tamthilia ikipendwa sana, hurefushwa. *Jumong* ya MBC (2006 hadi 2007) ilipangwa kuwa na sehemu 60, ikaisha na 81, ndiyo maana kuna mahali majeshi yanaonekana kwenda na kurudi bila kufika popote.

Siku hizi mambo yamebadilika. *Descendants of the Sun* ya 2016 ilipigwa yote kabla ya kurushwa. Sheria ya kazi isiyozidi saa 52 kwa wiki ilianza kutumika 2018, na kampuni za utangazaji zikaingizwa mwaka uliofuata. Kisha mitandao ya kulipia ikaleta hadithi fupi: *Squid Game* ya 2021 ina sehemu 9 tu. Lakini kumaliza mapema si dawa ya kila kitu. Hiyo hiyo *Descendants of the Sun* inalegea wahusika wakisharudi kutoka Uruk, nchi ya kubuni walikokuwa kazini, kwa sababu hatari iliyowaunganisha imebaki kule.

Ukitaka kuona mwisho uliopandwa tangu mwanzo, angalia *Extraordinary Attorney Woo* (2022), na ufuatilie mlango. Woo Young-woo, wakili mwenye usonji anayeigizwa na Park Eun-bin, siku ya kwanza kazini anashindwa na mlango wa jengo unaozunguka. Hapati mahali pa kuingilia kwenye ule mzunguko, na kijana wa ofisini ndiye anayemsaidia kupita. Sehemu ya 16 mlango ni uleule, na anapita mwenyewe. Mwaka haukurukwa, ila wewe mtazamaji umetembea naye saa zote hizo kufika pale.

Rafiki zangu wanasema Wakorea ndio waigizaji bora. Mimi naona wanajua kulia tu, tena wimbo ukianza. Nitamjuaje anayejua kazi? (Msomaji, Mombasa)

Hoja yako kuhusu wimbo ni ya kweli kuliko unavyodhani. Tamthilia hizi zinategemea sana nyimbo zilizotungwa kwa ajili yake, na wimbo mzuri unaweza kumbeba mwigizaji dhaifu kama mbeleko inavyombeba mtoto. Kwa hiyo zima sauti dakika mbili kwenye tukio la kilio. Kama uso bado unakueleza jambo, huyo anajua. Kama umebaki na mtu mzuri mwenye machozi, ulikuwa unalizwa na mpiga kinanda.

Jambo la pili, usimwangalie anayesema, mwangalie anayesikiliza. Kamera za Kikorea hupenda kukaa karibu na uso na hazina haraka ya kuondoka, hata sekunde kadhaa baada ya maneno kwisha. Mwigizaji mchanga hapo hukodoa macho kusubiri zamu yake. Aliyekomaa unamwona anasikia, anaelewa, anaamua kutojibu.

Halafu mikono. Park Eun-bin, kabla ya kuingia chumba chochote, huhesabu moja mbili tatu kwa vidole. Kitu kidogo kama hicho kingegeuka kichekesho baada ya sehemu tatu. Yeye anakifanya kwa uzito uleule hadi mwisho, na mwaka 2023 alipata tuzo kuu ya televisheni ya Baeksang, tuzo za sanaa za Korea Kusini.

Lakini kama una nafasi ya tamthilia moja tu, nenda kwa wazee. Katika *The Light in Your Eyes* (JTBC, 2019, sehemu 12), Kim Hye-ja, aliyezaliwa 1941, anaigiza binti wa miaka 25 aliyeamka amekuwa bibi. Binti huyohuyo, kabla hajazeeka, anaigizwa na Han Ji-min. Waweke wawili hao sambamba: namna ya kununa, namna ya kumjibu kaka mtu, haraka ya kuinuka kwenye kiti. Kim Hye-ja hamwigi mwenzake sura, anamwiga pupa. Akili inataka kutoka mbio, mwili unaomba subira, na yote mawili unayaona kwenye hatua moja. Sitakueleza hadithi inakoelekea; ukielezwa umedhulumiwa.

Kuhusu waimbaji wanaogeuzwa waigizaji, wengi wanastahili lawama zako. Mwimbaji IU simo kumlaumu: *My Mister* (2018) haikumpa pa kujificha, na hakuhitaji.

Naangalia zilizotafsiriwa Kiswahili na mtu mmoja anayesema sauti zote. Kuna msichana anamwita mpenzi wake "kaka". Na kwenye za kifalme kila mtu ni "mama". Nielewe vipi? (Msomaji, Bujumbura)

"Kaka" ni *oppa*. Msichana humwita hivyo kaka yake wa tumbo moja, rafiki wa kiume aliyemzidi umri, na mpenzi. Ladha iko kwenye siku anayoanza kuitumia. Kwetu binti akikuita kaka mara nyingi amekuwekea ukuta. Kwao huenda ndio kwanza ameubomoa. Mwanamume akimwita mwanamume aliyemzidi ni *hyung*, na akimwita mwanamke aliyemzidi ni *noona*.

"Mama" haihusiani na mama yetu hata kidogo. Kwenye ikulu za zamani ni neno la heshima kwa watu wa ukoo wa kifalme. Malkia ni *jungjeon mama*, na mwana wa mfalme humwita baba yake *abamama*, jambo linalowachanganya sana Waswahili. Mama mzazi wa kawaida ni *eomma* au *eomeoni*.

Ziko alama nyingine hata mfasiri hodari hawezi kuzibeba. Kikorea kinaweka heshima mwishoni mwa kitenzi. Sikiliza sentensi inavyoisha: *-nida* ni rasmi, *-yo* ni heshima ya kawaida, na vikikatwa vyote hiyo ni lugha ya waliozoeana, au ya dharau. Mfanyakazi anayemkatia bosi *-yo* katikati ya ugomvi ameshatukana kabla hajatukana. Ni kama mtu aliyekuamkia shikamoo miaka yote leo akuambie "we vipi". Na sauti moja inayotafsiri ina hasara nyingine: inajaza kimya. Palepale mwigizaji alipokusudia kunyamaza, msimulizi anakueleza anachowaza. Kwa burudani haina shida, napenda hata utani wao. Kwa kupima uigizaji, tafuta yenye sauti ya asili na maandishi chini.

Kwa nini tamthilia ileile mahali pamoja inaandikwa ina sehemu 16, kwingine 32?

Matangazo. Vituo vikubwa havikuruhusiwa kukatiza kipindi kwa tangazo hadi Julai 2021. Kuanzia 2017 vilikwepa kwa kukata sehemu ya dakika 70 vipande viwili na kuviita sehemu mbili. Hujakosa kitu.

Na hizo sandwichi na kahawa zisizoisha?

Zimelipiwa. Kuweka bidhaa ndani ya kipindi kulihalalishwa 2010, kwa masharti, mojawapo kwamba isizidi robo ya skrini. Mhusika akianza kumweleza mwenzake jinsi ya kuchagua mkate na mboga wakati baba yake yuko mahututi, mwandishi alilazimishwa. Za kifalme zinasumbua kidogo kuliko hizo, maana mfalme wa Joseon, ile Korea ya zamani, hana simu ya kuonyesha.

Kisu kimefunikwa ukungu, televisheni yangu mbovu?

Nzima. Vituo vyao huficha kisu kinachotishia mtu, na sigara pia. Damu mara nyingi wanaiacha.