Ini langu limeharibika, au karatasi ya maabara inanitisha bure?

SWALI: Daktari, pole na kazi. Mimi ni mwanaume wa miaka 41, naishi Moshi, nina mke na watoto watatu. Mama yangu alifariki mwezi wa kumi mwaka jana, na tangu tulipomaliza matanga nimekuwa nikinywa kwa namna ambayo sikuwahi kunywa maishani. Zamani nilikuwa mtu wa bia mbili tatu za mwisho wa wiki na mbege kidogo kwenye shughuli za ukoo. Kwa miezi mitano hii nilifika chupa tano za nusu lita kila jioni, na Jumamosi nilikuwa naongezea konyagi ndogo.

Hivi karibuni nilitakiwa kupima afya kabla ya kuanza kazi mpya. Nilipewa karatasi yenye alama ya H, yaani juu ya kiwango, mahali panne: AST 96, ALT 45, GGT 310, na ukubwa wa chembe nyekundu za damu 102. Bilirubini na albumini zimeandikwa kuwa ziko sawa, na chembe sahani ni 248. Daktari aliyenipokea aliitazama karatasi kwa sekunde chache, akasema "acha pombe", akamwita mgonjwa mwingine. Nambari zile zimenikata maini. Niliacha siku ile ile. Siku tatu za mwanzo mikono ilitetemeka, jasho lilinitoka na usingizi ulinipotea. Leo ni siku ya tisa na nimetulia, ila usiku naamka nikijipapasa chini ya mbavu za kulia. Mke wangu anajua nilipima, majibu hayajui. Jirani ananishauri ninywe maji ya mwarobaini na shubiri ili kusafisha ini, na kichwa kikiuma namezea Panadol. Naomba uniambie ukweli: ini langu limeoza? Nina muda gani?

Msomaji, Moshi

JIBU: Ndugu yangu, pole sana kwa kuondokewa na mama. Nakushukuru pia kwa kuniandikia nambari zenyewe badala ya kuniambia tu kwamba majibu ni mabaya, kwa sababu nambari zinaweza kujadiliwa. Nianze na swali lako la mwisho. Katika karatasi hiyo sioni dalili ya ini lililofika mwisho, ingawa pia sioni kinachoniruhusu kukuambia kwamba liko salama. Vipimo vilivyokutisha vinapima jeraha la siku zile ulipotolewa damu. Kiasi cha ini zima kilichobaki hupimwa kwa njia nyingine.

AST na ALT ni vimeng'enya vinavyofanya kazi ndani ya seli za ini. Seli ikijeruhiwa huvuja, na kilichokuwa ndani huonekana kwenye damu. Maabara nyingi huweka mpaka wa juu kwenye 40 hivi, kwa hiyo ALT yako imeuvuka kidogo tu na AST imeuzidi mara mbili na ushei. Kwangu mimi uwiano wake una maneno mengi kuliko ukubwa wake: 96 ukiigawa kwa 45 unapata 2.1, na AST inapokuwa mara mbili ya ALT au zaidi, daktari huifikiria pombe kabla ya mengine. Ini halitengenezi ALT vizuri bila vitamini B6, ambayo mnywaji huishiwa nayo, na wakati huohuo pombe huzijeruhi mitokondria, sehemu za seli ambamo AST nyingi huhifadhiwa. Mafuta ya ini yanayotokana na unene au kisukari kwa kawaida huanza na sura ya kinyume, ALT ikiwa juu ya mwenzake.

Hata hivyo, urefu wa nambari hizi si kipimo cha ukubwa wa maradhi, na hapa ndipo wagonjwa wengi hupotea njia. Mtu mwenye homa ya ini ya virusi iliyoanza ghafla anaweza kupata ALT ya maelfu kisha akapona kabisa, ilhali mtu ambaye ini lake limejaa makovu na kusinyaa anaweza kupata AST ya 50, kwa sababu seli za kuvuja zimebaki chache. Ndiyo maana sipendi desturi ya kumpa mtu karatasi yenye alama za H na kumwacha aende kuzitafsiri mwenyewe usiku kitandani.

Uwezo wa ini wa kufanya kazi hutazamwa kwa albumini, ambayo ni protini inayotengenezwa na ini. Kwa bilirubini, ambayo ini likishindwa kuiondoa macho huwa ya manjano. Na kwa muda wa damu kuganda, kipimo kinachoandikwa INR, ambacho hukukitaja na ningependa kifanywe. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, nazo husema jambo. Ini lenye makovu mengi huizuia damu isipite vizuri, bandama huvimba na kuzishikilia chembe hizo, zikashuka chini ya 150. Zako ni 248, nami nimefurahi kuiona nambari hiyo kuliko nyingine zote katika barua yako.

Ipo hesabu inayoitwa FIB-4 ambayo madaktari huitumia kukisia makovu: umri mara AST, kisha ugawe kwa chembe sahani mara kipeuo cha pili cha ALT. Nimekufanyia, nikapata 2.4. Chini ya 1.3 tungetulia, juu ya 2.67 tungeanza kuyatafuta makovu kwa bidii. Wewe uko katikati. Lakini AST iliyopandishwa na pombe ya jana yake huikuza hesabu hiyo, kwa hiyo usiihofu kwa sasa. Tutairudia ukishakaa wiki kadhaa bila kinywaji.

Sasa pombe yenyewe. Chupa ya nusu lita yenye kilevi asilimia 5 ina takriban gramu 20 za kilevi halisi. Chupa tano ni gramu 100 kwa siku, na konyagi ya mililita 200, yenye asilimia 35, huongeza gramu 55 hivi siku ya Jumamosi. Kwa mwanaume, zaidi ya gramu 60 kila siku kwa miezi kadhaa ni kiwango ambacho ini huanza kudai. Jambo la kwanza linalotokea ni ini kuweka mafuta, na karibu watu 9 kati ya 10 wanaokunywa kwa wingi namna hiyo huyapata. Mafuta hayo kwa kawaida huyeyuka ndani ya wiki mbili hadi sita za kuacha kabisa, ukisikia neno kabisa kwa maana yake halisi. Makovu yasiyorudi nyuma kirahisi huwapata wachache zaidi, kati ya 10 na 20 katika kila wanywaji wakubwa 100, na huchukua miaka kujijenga. Miezi mitano juu ya miaka ya bia za mwisho wa wiki inanifanya nishuku mafuta na uvimbe kuliko makovu. Ni dhana tu, na altrasaundi ya tumbo, ambayo hapo Moshi hutahangaika kuipata, itatupa picha bora kuliko dhana yangu.

Urudie vipimo vya damu wiki nne hadi sita baada ya siku uliyoacha. AST itakuwa imeshuka mapema. GGT, kimeng'enya kingine cha ini ambacho pombe hukipandisha, hupungua nusu kila baada ya wiki mbili hadi tatu hivi, kwa hiyo kutoka 310 ukiikuta karibu na 80 au 100 mwishoni mwa wiki ya sita, ujue mambo yanakwenda sawasawa hata kama alama ya H bado ipo. Ukubwa wa chembe nyekundu usiuhangaikie: chembe hizo huishi siku 120 hivi, na 102 yako itarejea mahali pake polepole kadiri chembe za zamani zinavyoondoka. Vimeng'enya vikigoma kushuka ilhali hujanywa, hapo kuna sababu nyingine ya kutafutwa.

Na sababu nyingine yenye uzito zaidi katika nchi zetu ni virusi vya homa ya ini B. Sijaona katika barua yako kwamba ulipimwa, nami ningeanza na kipimo hicho kabla ya altrasaundi. Wewe ulizaliwa zamani kabla chanjo hiyo haijaingizwa katika chanjo za watoto wachanga Tanzania, na mtu anaweza kukaa na virusi hivyo miaka mingi bila dalili huku pombe ikiviongezea kasi ya kuliharibu ini. Ukikutwa huna, omba chanjo: dozi tatu, ya pili mwezi mmoja baada ya ya kwanza, na ya tatu miezi sita baada ya ya kwanza. Ukikutwa navyo, dawa za kuvidhibiti zipo, na mke na watoto watapaswa kupimwa pia. Ulizia na kipimo cha homa ya ini C kwa damu hiyohiyo.

Lazima niseme neno kuhusu zile siku tatu za kutetemeka. Ulipita mahali pa hatari bila kujua. Mtu aliyezoea pombe kila siku akiikata ghafla anaweza kupata degedege katika siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyopo, na baadhi hupoteza maisha wasipotibiwa. Siku ya tisa umeshavuka. Lakini ikitokea umerudi kwenye chupa tano kila jioni, usiache tena peke yako chumbani. Nenda hospitali upewe dawa za kukushusha taratibu pamoja na vitamini B1, ambayo mnywaji huipungukiwa na ambayo ubongo hauwezi kukaa bila yake.

Mwarobaini na shubiri viache. Najua jirani ana nia njema, lakini ini halina taka ya kusuuzwa kwa maji machungu. Mimea hiyo lazima ipite kwenye ini hilohilo ili ivunjwevunjwe, na zipo dawa za miti zilizowapeleka watu wodini macho yakiwa ya manjano. Panadol si adui ukiiheshimu. Kwa mtu aliyetoka kunywa sana na kula kidogo, usizidishe vidonge vinne vya miligramu 500 kwa siku, wala usivimeze kila siku kwa mazoea. Kula vizuri: mayai, maharage, samaki, mboga. Mahindi au karanga zilizoota ukungu tupa, kwa kuwa sumukuvu hulishambulia ini, na ikikutana na homa ya ini B hatari ya saratani hupanda sana. Kahawa unaweza kunywa bila wasiwasi, na kwa mtu wa Kilimanjaro hilo nadhani si agizo gumu.

Usingoje wiki sita, bali nenda hospitali siku hiyohiyo, ukiona macho ya manjano, tumbo kujaa na kukaza, miguu kuvimba, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au watu wa nyumbani wakisema unaongea mambo yasiyoeleweka. Kujipapasa chini ya mbavu hakutakuambia chochote, kwani ini halina mishipa ya maumivu ndani yake, isipokuwa kwenye utando unaolifunika.

Kuhusu mke wako, nakushauri umwonyeshe karatasi. Ameshakuona unatetemeka siku tatu na ameshahesabu chupa kabla yangu; anachokosa ni maelezo tu. Tena yeye ndiye anayejua ulikuwaje kabla ya msiba, na hilo ni jambo ambalo maabara haiwezi kulipima. Ukiona huzuni inakurudisha baa, mwambie daktari hivyo kwa maneno hayohayo, kwa kuwa hospitali za rufaa zina kliniki za afya ya akili zinazohudumia watu waliofiwa na wanaotaka kuacha pombe, na mara nyingi ni watu walewale.

SWALI: Salamu kutoka Nakuru, Daktari. Nina miaka 34. Tangu niachane na mume wangu mwaka jana, nimekuwa nikimaliza chupa nzima ya mvinyo karibu kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na siku nyingine glasi mbili. Nilipimwa ini wiki iliyopita na kila kitu kiko sawa kabisa. Je, maana yake ni kwamba mwili wangu unaistahimili?

JIBU: Dada, maana yake ni kwamba siku ile seli za ini lako hazikuwa zikivuja kwa wingi, basi. Mnywaji mkubwa anaweza kuwa na mafuta kwenye ini, na wengine hata makovu, huku AST na ALT zikiwa chini ya 40. Chupa ya mvinyo ya mililita 750 yenye kilevi asilimia 12 ina takriban gramu 70, na kwa mwanamke wasiwasi huanza kwenye gramu 40 kwa siku, kwa sababu mwili wa mwanamke una maji kidogo zaidi ya kuisambaza pombe na ini huumia kwa kiasi kidogo kuliko cha mwanaume. Tena ini silo kiungo pekee kinacholipa: hatari ya saratani ya matiti huongezeka hata kwa kiasi kidogo, na Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya.

Ningekushauri ufanye altrasaundi na kipimo cha homa ya ini B, kisha ujaribu wiki nne bila tone ili uone kama unaweza. Zikikushinda, hilo ni jibu la maana kuliko lolote la maabara, na ni la kupelekwa kwa daktari. Ukienda, mtajie idadi ya chupa kama ulivyoniandikia mimi, usiikate nusu kama wengi wanavyofanya wakishaliona koti jeupe.