Je, Ayubu Alitumaini au Alikata Tamaa?

SWALI: Katika Biblia moja, Ayubu 13:15 inasema kwamba hata Mungu akimwua Ayubu, bado atamtumaini. Katika nyingine anasema kwamba atauawa na hana tumaini. Inakuwaje mstari mmoja useme mambo yanayopingana, na tumwamini mfasiri yupi?

JIBU: Wafasiri wote wawili ni waaminifu, kinachowatenganisha ni herufi moja. Kiebrania kina neno "lo" linaloandikwa kwa lamedi na alefu, lenye maana ya kukanusha, na "lo" jingine linaloandikwa kwa lamedi na vavu, lenye maana ya "kwake". Yakitamkwa hayatofautiani hata kidogo. Katika matini ya Kimasora, yaani maandishi ya Kiebrania ya Agano la Kale yaliyohifadhiwa na wanakili wa Kiyahudi, limeandikwa lile la kukanusha, lakini pembeni wanakili wameagiza lisomwe kama lile la pili.

Utata huu si wa jana. Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa Kiyahudi uliokamilishwa yapata mwaka 200 B.K., inasimulia katika sehemu yake iitwayo Sota, 5:5, jinsi rabi Yehoshua ben Hyrcanus alivyoutumia mstari huu kuonyesha kwamba Ayubu alimtumikia Mungu kwa upendo. Kisha inakiri wazi kwamba neno bado liko kwenye mizani, nayo inakimbilia Ayubu 27:5, anapoapa kutouacha uadilifu wake hadi afe. Unyofu huo wa wazee unanigusa sana.

Jambo jingine ni kitenzi chenyewe kinachofasiriwa "kutumaini" katika 13:15, ambacho hubeba maana ya kungoja pamoja na ya kutumaini. Katika 6:11 Ayubu anakitumia kuuliza ana nguvu gani hata aendelee kungoja. Kwa hiyo mimi naufuata ukanushaji ulioandikwa, nikiusoma hivi: "Ataniua, sitangoja, ila nitazitetea njia zangu mbele zake." Usomaji huu unaafikiana na mstari wa 14, anaposema ameutia uhai wake mkononi, yaani anauhatarisha, na unalipa uzito neno "ila" linalofuata. Zaburi 100:3 ina utata huo huo wa "lo", lakini pale nachagua "sisi ni wake", kwa kuwa maneno yanayofuata yanataja watu wake na kondoo wa malisho yake.

Hata hivyo, "sina tumaini" isichukuliwe kuwa kumkana Mungu. Mtu aliyemkana hangetamani kusimama mbele zake, na katika mstari wa 16 Ayubu anasema kwamba jambo hilo hilo litakuwa wokovu wake, kwa maana mpotovu hathubutu kufika huko.