Shika Taka kwa Mkono Kabla ya Kushika Kikokotoo

Wewe uliyeingia juzi kwenye kazi ya kupima kama taka za Nairobi zinaweza kuwa umeme, karibu. Utapewa kompyuta na jedwali la hesabu, na mkubwa wako atataka ripoti kufikia Ijumaa. Vaa buti kwanza uende Dandora, jaa kuu la taka la Nairobi.

Mimi nilianza kinyume. Sampuli zangu za kwanza nilizichukua Januari tu, jua likiwaka, vumbi hadi kwenye nyusi. Nikakausha, nikapima, nikaandika kuwa taka zinafaa kuchomwa. Mhandisi mmoja mzee akafunua ukurasa wa tatu na kuniuliza, "Na Aprili, kijana?" Sikuwa na jibu. Mvua ya masika ilipofika nilirudi jaani, nikakuta lori la sokoni linachuruzika maji kama kikapu cha kufulia. Ripoti ikaandikwa upya.

Sababu ni hii. Zaidi ya nusu ya taka zetu ni maganda, sukuma wiki iliyooza, mabaki ya chakula. Kukausha kilo moja ya maji ndani ya tanuri hula takriban megajuli 2.4 (megajuli ni kipimo cha nishati) kabla hujapata faida yoyote. Watu wa mitambo huomba taka zenye wastani wa megajuli 7 kwa kilo, zisishuke chini ya 6 msimu wowote. Chini ya hapo utaongeza mafuta ili taka ziwake, na hapo unachoma pesa. Kwa hiyo pima misimu yote, na upime taka za Kileleshwa, mtaa wa wenye nacho, mbali na za Kayole, mtaa wa watu wa kipato cha chini, maana hazifanani hata kwa harufu.

Sasa tuhesabu pamoja. Tani moja ya taka nzuri, ya megajuli 7 kwa kilo, ina megajuli 7,000. Mtambo ukigeuza asilimia 22 kuwa umeme, unapata kilowati-saa 430 hivi. Toa zinazoliwa na mtambo wenyewe, zinabaki kama 360. Ziuze, tuseme, shilingi 13 kila moja: hazifiki shilingi 4,700 kwa tani. Kutokana na hizo unalipa mkopo wa dola, vipuri, vichujio vya moshi, na kuzika majivu, ambayo hufikia robo hivi ya uzito ulioingiza. Ndiyo maana mitambo ya Ulaya haiishi kwa umeme pekee. Lori hulipia pale mizani, langoni. Hapa kwetu ukipandisha ada ya lango, dereva anajua vichaka vyote, na Mto Nairobi uko hapo kando ya jaa.

Utaambiwa, "Lakini Addis Ababa wameweza." Kweli, mtambo wa Reppie ulizinduliwa 2018 kando ya jaa la Koshe, ambalo mwaka uliotangulia liliporomoka na kuua zaidi ya watu 100. Lakini mwenye mtambo ni shirika la umeme la serikali ya Ethiopia. Uliza basi, hasara ikija huku, mbebaji ni nani? Swali hilo likipata jina na sahihi, endelea. Lisipopata, usibembelezwe.

Upande wa mazingira, wageni wengi huiga hesabu za nchi zinazochoma makaa ya mawe. Umeme wetu kwa sehemu kubwa unatoka kwa mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji na upepo. Ukichoma plastiki hapa, huondoi makaa ya mtu, unaongeza moshi. (Na plastiki hiyo ndiyo inayowaka vizuri, ndiyo pia waokotaji huiokota kwanza. Ukiiweka kwenye hesabu yako kama mafuta, umeweka humo chakula cha jioni cha mtu wa Korogocho, mtaa ulio kando ya jaa.) Faida halisi iko kwenye kuzuia methani isitoroke: gesi ya taka zinazooza bila hewa, ambayo kwa miaka 100 hupasha dunia joto mara 28 hivi kuliko kaboni dioksidi ya uzito ule ule. Dandora lilitangazwa kujaa 2001 na bado linapokea.

Kwa hiyo, ushauri wangu kwako, na wapo wenzangu wanaoupinga: achana na tanuri kubwa, anza na soko. Marikiti, soko kubwa la vyakula la Nairobi, inatoa taka mbichi, za aina moja, kila alfajiri, mahali pamoja. Unyevu unaoua tanuri ndio unaolisha mtambo wa bayogesi, yaani tangi la kuozesha taka bila hewa na kukusanya methani yake. Kule Naivasha upo mmoja wa megawati 2.2 unaotumia mabaki ya shamba. Kazi ngumu sokoni ni kuzuia kamba, vijiti na viroba visiingie kwenye tangi. Mashine ya kusaga itakufundisha hilo wiki ya kwanza.

Ukienda jaani, zungumza na wanaoendesha shughuli pale kabla ya kutoa daftari, na mnunulie anayekusaidia chai na mandazi. Wao ndio wanaojua lori la hoteli linafika saa ngapi na la sokoni siku gani. Sampuli zifike maabara siku hiyo hiyo. Mimi nililaza zangu usiku mmoja ndani ya buti la gari la shemeji, na hadi leo ananiambia nipande matatu.