Dogo usisaini huo mkataba wa miaka mitano, soma hapa kwanza

Dogo usisaini. Hao wanaokupongeza huko juu na kukwambia "chukua nafasi hiyo, wengine wanaililia" hawajawahi kushika hiyo karatasi.

Kwa waliochelewa, dogo kapita odisheni ya tamthilia, kapewa mhusika mdogo, na meneja wa kampuni kampa mkataba wa miaka mitano anataka Jumatatu urudi umesainiwa. Anauliza kama aache kazi ya duka la simu Kariakoo, na pa kujifunza kulia mbele ya kamera. Sasa mimi hapo kwenye mkataba ndo pamenitoa usingizini, maana hayo maneno uliyonukuu, "hatafanya kazi yoyote ya uigizaji au tangazo bila idhini ya maandishi ya kampuni", nilishayasaini mimi, karibu neno kwa neno.

Mkataba wangu nilipewa lokesheni kule Mbezi, katikati ya kushuti. Nacheza daktari, nimevaa koti jeupe, poda inanichuruzika na jasho, jenereta inapiga kelele, dairekta anaita watu kwenye sini inayofuata. Jamaa mmoja wa kampuni akaja na karatasi akaziweka juu ya boneti ya Noah, akafungua moja kwa moja ukurasa wa mwisho, "dogo weka sahihi hapa, ni utaratibu tu, sisi hapa ni familia". Kalamu nikachomoa mfukoni mwa lile koti, kalamu ya kuigizia, nikasaini. Kopi nikaambiwa ntachukua ofisini, na kila nikienda ofisini mara printa haina wino mara mwenye funguo hayupo.

Sasa sikiliza lilipo tatizo lenyewe. Malipo yalikuwa kwa siku ya kushuti. Usipoitwa hulipwi. Lakini kufungwa umefungwa kila siku, uitwe usiitwe. Msimu wa kwanza ukaisha, mhusika wangu wakampeleka Afrika Kusini kuongeza masomo na hakurudi tena kwenye skripti, simu ikanyamaza. Nikakaa. Akatokea prodyuza mwingine akanipa nafasi nzuri, ndugu wa muhusika mkuu, sini za kutosha kila episodi. Nikaenda kuomba idhini ya maandishi kama karatasi inavyotaka. Hawakunikatalia, walifanya vibaya zaidi ya hapo, walimpigia yule prodyuza wakamdai hela ili waniachie! Prodyuza gani atalipia sura isiyojulikana? Akachukua mtu mwingine, na huyo mtu saivi mnamwona kwenye mabango na mnamjua wote.

Nikasema basi, ngoja muda uishe. Kumbe kuna kipengele kinasema mkataba unajiongeza wenyewe isipokuwa kampuni itoe taarifa. Kampuni, sio mimi. Mimi sikuwa na mlango wa kutokea kabisa. Alafu picha zangu za lile koti la daktari zikatumika kwenye tangazo la duka la dawa, nikaliona nikiwa kwenye daladala kama abiria mwingine yeyote, nauli nimekopa. Nilipouliza nikaonyeshwa mstari wa "matumizi yoyote ya sura". Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mwigizaji, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, lakini ukishaandika kwa mkono wako kwamba umewapa unaenda kudai nini.

Na yule jamaa wa "familia" bado yupo, bado anazunguka kwenye odisheni na mafaili yake, na ananikera mpaka leo kwa sababu alikuwa anajua. Mtu anayekufungulia ukurasa wa mwisho anajua kilichoandikwa ukurasa wa tatu. Alipenda sana kutuambia "hata Kanumba alianzia chini". Ndio alianzia chini, tulimwona ITV na kundi la maigizo la Kaole, lakini alitoka pale akaingia kwenye filamu akafika mpaka kuwa na kampuni yake mwenyewe. Lulu naye alikuwa Kaole akiwa mtoto, akahamia kwenye filamu, na 2016 akabeba tuzo ya AMVCA, zile tuzo za filamu za Afrika, kule Lagos kwa filamu ya Mapenzi ya Mungu. Hata Lupita Nyong'o, 2009 alikuwa Nairobi kwenye tamthilia ya Shuga, akaondoka kwenda kusoma uigizaji Yale, amemaliza 2012, mwaka 2014 ana Oscar mkononi. Waangalie wote hao walivyosogea kutoka kazi moja kwenda nyingine. Mwigizaji anayeanza anakua kwa kusogea, sini hii inakutambulisha kwa dairekta yule, yule anakupeleka kwa mwingine, sasa ukimnyima mtu kusogea miaka mitano akiwa ndo kwanza anaanza umemmaliza.

Kwa hiyo mkataba wowote anza kusoma pa kutokea. Kabla ya hela, kabla ya jina la mhusika, tafuta panaposema nikitaka kuondoka naondokaje na lini. Kama hakuna, hakuna kazi hapo. Wakuu wengine watasema ukiuliza sana watampa mwingine. Wampe! Kampuni inayotaka kukuigizisha kweli haiogopi swali la tarehe.

Mwambie unataka tarehe ya mwisho isiyojiongeza, unataka kipindi ambacho hawana ratiba ya kushuti na wewe uwe huru kufanya kazi ya mtu mwingine, matangazo yalipwe kando, na kopi uondoke nayo siku hiyo hiyo ikiwa na sahihi za pande zote mbili. Na miaka mitano kwa mhusika mdogo hapana, hata wakikuwekea soda kila siku.

Piga picha kipengele cha muda na kile cha kazi za nje, funika majina, uviweke hapa leo hii, humu kuna mawakili wataviangalia. Jumatatu akikupigia mwambie karatasi iko kwa mwanasheria, alafu njoo utuambie kajibu nini.