Kidole kwenye ndoano ya mizani: maswali yenu kuhusu tungamo na uzito

Maswali mengi mliyonitumia mwezi huu yanazunguka jambo moja, kwa hiyo nimeyaweka pamoja. Mengine nimeyafupisha.

Niko senior two, Mbale. Kwenye zoezi niliandika "uzito wa mama ni kilo 68", mwalimu akaukata. Lakini kliniki wameandika hivyohivyo kwenye kadi yake. Nani amekosea?

Mizani ilisomwa vizuri, mwanangu. Kilichokukosesha alama ni neno. Nyumbani "uzito" hubeba mambo mawili kwa mpigo, na wala si Kiswahili peke yake: Waganda wanaposema *obuzito* nao hawatenganishi. Fizikia ndiyo inayotenganisha.

Jambo la kwanza ni tungamo, yaani wingi wa maada iliyomo ndani ya mama yako: nyama, mifupa, damu, maji. Hilo hupimwa kwa kilo. Jambo la pili ni uzito, yaani nguvu ambayo Dunia inamvuta nayo kwenda chini. Nguvu hupimwa kwa nyutoni. Hapa Uganda kila kilo 1 huvutwa kwa nyutoni 9.78 hivi, basi zidisha mara 68 upate kama nyutoni 665. Darasani mnatumia 10 ili hesabu iwe nyepesi, kwa hiyo jibu lako lingekuwa nyutoni 680.

Sasa mpeleke mama mwezini. Kule mvutano ni kama sehemu moja ya sita ya huu wetu, kwa hiyo uzito wake utashuka hadi nyutoni 110 tu. Lakini hajakonda. Gauni lake la gomesi litamkaa vilevile, na tungamo lake bado ni kilo 68. Kitu kimoja kimebadilika, kingine kimebaki, na ndiyo maana haviwezi kutumia jina moja kwenye mtihani.

Nanunua kahawa ya kiboko, ile iliyokaushwa na maganda yake, hapa Masaka. Mimi nina mizani ya kuning'iniza, ya springi. Jirani yangu anatumia ya mawe. Ipi inasema kweli?

Swali hili nimelipenda kuliko yote, ndugu yangu, na nitakaa nalo kidogo.

Juzi nilisimama kwenye bucha moja pembeni mwa barabara. Muuzaji alitundika nyama kwenye ndoano, mshale ukatikisika, ukatulia kwenye 1. Nikamwomba ruhusa, nikaweka kidole kwenye ile ndoano na kuvuta chini taratibu. Mshale ukapanda 2, ukapita 3, ukafika 4. Nyama haikuongezeka hata kipande. Kidole changu hakikutia maada yoyote mle, kilivuta tu, na springi ikaripoti mvuto. Hiyo ndiyo kazi yake yote: springi hunyooka kadiri inavyovutwa. Aliyeitengeneza mizani amehesabu kwamba mvuto wa kiasi fulani ni sawa na kilo moja, kisha akaandika "kilo" usoni.

Mizani ya mawe ya jirani yako hufanya kazi kwa njia nyingine. Upande huu jiwe, upande ule kahawa, na vyote viwili vinavutwa na Dunia ileile mahali palepale. Mvuto ukipungua, unapungua pande zote. Ukiihamishia mwezini, itasimama sawa kama ilivyosimama Masaka. Kwa hiyo yenyewe inalinganisha tungamo na tungamo.

Je, tofauti hiyo inagusa mfuko wako? Chukua mizani ya springi iliyorekebishwa London, ambako kilo 1 huvutwa kwa nyutoni 9.81. Ilete huku bila kuigusa, utundike gunia la kilo 60. Itaonyesha pungufu, kama gramu 200 hivi. Ndiyo maana mizani ya springi hurekebishwa palepale inapotumika, kwa kutundika mawe ya kipimo yanayojulikana. Ikisharekebishwa hivyo, yako nayo inasema kweli, ili mradi springi haijachoka na mshale unarudi kwenye sifuri ndoano ikiwa tupu. Angalia sifuri kila asubuhi, mbele ya wateja. Na ukague kama ina muhuri wa UNBS, shirika letu la viwango. Mizani ya biashara isiyo na muhuri huo usiitumie.

Kuna jambo jingine ambalo mizani zote mbili zitakubaliana nalo, nalo ndilo linalowaumiza wanunuzi. Kiboko ambacho hakijakauka vizuri ni kizito kweli, kwa sababu maji nayo yana tungamo. Hapo mizani haina kosa. Umelipia maji kwa bei ya kahawa, na siku chache baadaye gunia limepungua stoo bila mwizi. Itie punje mkononi, itikise sikioni, ndipo upime.

Nilipita Kayabwe nikapiga picha kwenye mstari wa ikweta. Wanasema pale mtu huwa mwepesi. Kweli?

Kweli, lakini usitegemee kuihisi. Dunia haiko duara kamili. Imevimba katikati, hivi kwamba ukiwa ikweta uko mbali na kitovu chake kwa kilomita 21 hivi kuliko aliye kwenye ncha. Tena inazunguka, na mzunguko huo unapunguza mvuto kidogo, zaidi ikweta kuliko kwingine. Ukijumlisha, aliye Kayabwe ni mwepesi kwa karibu nusu ya asilimia moja kuliko angekuwa kwenye Ncha ya Kaskazini. Kwa mtu wa kilo 70 ni kama kupoteza gramu 350 kwenye mizani ya springi. Kati ya Kayabwe na Kampala hakuna tofauti ya maana.

Jambo hili liliwashangaza wakubwa pia. Mwaka 1672 Mfaransa Jean Richer alipeleka saa ya pendulamu, yaani inayoendeshwa na kining'inio kinachoyumba, huko Cayenne, Amerika ya Kusini, karibu na ikweta. Saa iliyokwenda sawasawa Paris ikaanza kuchelewa zaidi ya dakika 2 kwa siku. Mvuto ulikuwa mdogo, pendulamu ikawa inayumba polepole. Isaac Newton aliutumia ushahidi huo katika kitabu chake cha 1687.

Yale mabeseni wanayoonyeshwa wageni pale Kayabwe, ambamo maji huzunguka hivi upande huu wa mstari na vile upande ule, ni habari nyingine. Kwa hatua chache toka kwenye mstari, mzunguko wa Dunia ni dhaifu mno kuyaongoza maji ya beseni. Yanafuata jinsi yalivyomiminwa.

Mimi ni boda, Fort Portal. Nikibeba magunia mawili ya mahindi, breki hazishiki hata barabara ikiwa tambarare. Si uzito unanikandamiza chini? Ungenisaidia kusimama!

Kinachokusukuma mbele ni tungamo. Maada yoyote ikishakuwa katika mwendo hugoma kusimama, na ikisimama hugoma kuondoka, na kadiri ilivyo nyingi ndivyo inavyogoma. Pikipiki yako kilo 110, wewe 70: jumla 180. Magunia mawili ya kilo 90 yanaifanya 360. Ukikamata breki kwa nguvu ileile na kwa kasi ileile, utahitaji umbali mara mbili ndipo usimame. Pale ulipozoea kusimama kwa mita 15, sasa ni 30. Nakuomba sana, anza kupunguza mwendo mapema, hasa ukikaribia shule. Bora zaidi, gunia moja kwa safari.

Sisi wavuvi wa Ggaba tunavuta nanga ya jiwe. Ndani ya maji ni rahisi, likitoka tu linakuwa zito. Jiwe limebadilika?

Halijabadilika. Maji yanalisukuma juu kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa maji ambayo jiwe limeyaondoa. Jiwe la kilo 10 lenye ujazo wa lita 4 linaondoa maji ya kilo 4, basi linasukumwa juu kwa nguvu ileile ambayo kilo 4 huvutwa nayo chini, kwa hiyo kamba yako inahisi kama 6. Likishatoka juu, msukumo umekwisha na mikono yako inabeba vyote.

Kwa nini wanaanga wanaelea? Kule juu hakuna mvutano?

Upo, na ni mwingi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kiko kama kilomita 400 juu, na hapo Dunia bado inavuta kwa karibu asilimia 90 ya inavyovuta hapa chini. Wanaelea kwa sababu kituo na wao wanaanguka pamoja, wakizunguka Dunia bila kuifikia. Hakuna sakafu inayowasukuma miguuni. Setilaiti yetu ya kwanza, PearlAfricaSat-1, iliachiwa kutoka kituo hicho tarehe 2 Desemba 2022. Ilikuwa kimchemraba cha sentimita 10 kila upande. Ungeweza kuishika kwa kidole mle ndani, lakini kuitupa kungehitaji msukumo uleule kama ungeitupa ukiwa Entebbe.

Mizani ya kukanyaga haifai huko. Mwanaanga hupimwa kwa kiti cha springi kinachoyumba mbele na nyuma: mwenye tungamo kubwa huyumba polepole, na kutokana na muda huo kilo zake hujulikana.

Mwalimu, tuseme "tungamo" au "masi"?

Mimi nasema tungamo. Anayesema masi ataeleweka. Ila asiseme uzito.

Nina mtoto wa primary six hapa Lira, na shule yao haina maabara. Nimwonyesheje tofauti hii nyumbani?

Tafuta makopo mawili ya rangi yanayofanana, yenye vifuniko. Moja lijaze mchanga, jingine liache tupu, yafunike. Yafunge kwa kamba ndefu kwenye tawi la mwembe, yaning'inie usawa wa kifua cha mtoto. Mwambie asiyainue. Ayasukume tu kwa kidole, kwa upole, moja baada ya jingine.

Lililo tupu litaruka. Lenye mchanga litasitasita, kisha liondoke polepole. Hapo muulize: nani ameshika uzito wa makopo? Kamba. Yeye habebi chochote, na bado kidole chake kimejua lipi limejaa. Alichokigusa ni tungamo.

Kisha alisimamishe lile lililojaa likiwa linarudi, kwa kiganja, siyo kwa kifua. Na kabla ya kuanza hakikisha fundo limekaza.