Wamebomoa, na kweli sikuwa na kibali. Kuna kesi hapo?

Mkuu, umeuliza kama inafaa kwenda mahakamani wakati vyumba vyako kweli havikuwa na kibali cha ujenzi na tingatinga la serikali limeshapita. Yalinikuta hayo hayo. Inafaa, ila ujue unakwenda kudai nini.

Mimi nilianza kwa kubishana kuhusu jengo. Wakili akanikatiza: "Hilo liache. Nipe bahasha." Notisi alikuwa nayo tayari, alichotaka ni bahasha iliyokuja nayo. Mke wangu aliikuta imekunjwa chini ya mguu wa meza. Notisi iliandikwa tarehe 3 ikinipa siku 14. Mhuri wa posta ulikuwa wa tarehe 14, tingatinga likaja tarehe 18. Jaji alihesabu siku mwenyewe kwa kalamu, kisha akamtazama wakili wa serikali kwa muda mrefu.

Kwenye mapitio ya mahakama, yaani kesi ya kupinga jinsi mamlaka ilivyoamua, jaji anaangalia kama hatua zilifuatwa. Aliyesaini amri ana mamlaka hayo kisheria? Notisi ilikufikia lini? Ulipewa nafasi ya kujieleza? Muda wa kukata rufaa ulikuwa umekwisha? Upande wa pili walileta muhtasari wa kikao chao; wakaulizwa tu mimi niliitwa lini kujieleza, basi.

Wala si jambo jipya. Mwaka 1863 huko London, bodi ya serikali ya mtaa ya Wandsworth ilibomoa nyumba ya bwana Cooper ikidai hakutoa taarifa ya ujenzi ya siku 7. Sheria iliiruhusu kubomoa. Bado ikashindwa, kwa sababu haikumsikiliza kwanza. India nako, Novemba 2024, Mahakama ya Juu iliagiza notisi ya siku 15 kwa barua ya rejista, na ubomoaji urekodiwe kwa video. Afrika Kusini ndiyo kali zaidi: katiba, kifungu cha 26(3), inataka amri ya mahakama kabla ya kubomoa makazi ya mtu.

Sasa upande mchungu. Kushinda kwa utaratibu hakuhalalishi jengo. Wanaweza kuanza upya na notisi safi. Na muda wa kufungua maombi huwa mfupi, kwa hiyo muone wakili wiki hii, usingoje hasira zipoe.

Mimi nililipwa bati, milango na vyombo vilivyofukiwa. Kuta, hapana. Bahasha imebaki kwenye jalada la kesi.